Barua za wanachama wanaotumia modemu zinaangukia kwenye taka: tatizo ni modemu zao au ni kichujio changu?

#1 Mtunza_Posta

Wakuu, habari za wakati huu.

Ninatunza seva ya barua pepe ya chama chetu. Si kubwa: wanachama mia na kidogo, mashine moja, Postfix mbele inapokea barua na SpamAssassin nyuma yake inazichuja. Wanachama kama ishirini bado wanaingia intaneti kwa modemu ya kupiga simu, kwa sababu huko waliko waya wa simu ndio pekee uliofika. Miaka yote barua zao zilikuwa zinafika bila shida.

Wiki tatu sasa hazifiki. Niseme vizuri: kwenye seva zinafika, ila kichujio kinazipa alama 6 au 7 na kuzitupa kwenye folda ya taka. Kikomo changu ni 5, kile kile kinachokuja na programu yenyewe. Mmoja wao, mama mtu mzima, alituma kumbukumbu za kikao mara nne. Zote nne zikalala kwenye taka, na katibu akadhani amezembea. Akakaripiwa mbele ya wenzake kwa kosa la seva ninayoitunza mimi. Hilo limenikosesha usingizi.

Kanuni inayouma kuliko zote ni RCVD_IN_PBL. Peke yake inatoa alama zaidi ya 3. Nimewaza njia mbili: kuizima, au kuwaandika hao ishirini kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Zote hazinikai moyoni. Kanuni hiyo inakamata taka nyingi kweli kweli, na orodha ya wanaoruhusiwa inaangalia jina la mtumaji, jina ambalo mtu yeyote anaweza kuliandika juu ya bahasha.

Naombeni msaada.

#2 Kijana_Mpya

Samahani mkuu, mimi bado najifunza. PBL ni nini? Na modemu za kupiga simu bado zipo? Nilisoma kwamba hata AOL walifunga huduma yao ya namna hiyo tarehe 30 Septemba 2025.

#3 FundiSeva

Kijana, maswali yako ni ya msingi, usione haya.

PBL ni moja ya orodha za Spamhaus, kikundi kilichoanza 1998. Wengi wanadhani ni orodha ya wahalifu. Siyo. Ni orodha ya mafungu ya anwani za IP ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwenye seva ya mtu mwingine: anwani za modemu, za intaneti ya nyumbani, na nyingi za mitandao ya simu za mkononi. Mara nyingi mtoa huduma mwenyewe ndiye anayesema, "fungu hili ni la wateja wa kawaida, barua zao zitapitia seva yangu." Kwa hiyo hata modemu ya mwisho ikizimwa leo, swali la Mtunza_Posta litabaki pale pale, maana router yako ya nyumbani iko kwenye orodha hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Inavyoulizwa: seva inaigeuza anwani nyuma mbele na kuuliza DNS, daftari la majina na anwani za intaneti. Anwani 203.0.113.45 inakuwa 45.113.0.203.zen.spamhaus.org. Jibu likiwa 127.0.0.10, fungu limeandikishwa na mtoa huduma. Likiwa 127.0.0.11, Spamhaus wenyewe ndio wameliweka. Jibu lisiporudi, anwani haimo. (Tumia DNS yako mwenyewe kwa kazi hii. Ukipitia zile za umma, Spamhaus hawakupi jibu la kweli, na ukiwa na kichujio kisichojua kusoma jibu hilo la kukataliwa, kinaweza kuzuia barua za dunia nzima.)

Mtunza_Posta, usizime kitu kwanza. Tubandikie mistari ya Received ya barua moja iliyoshikwa, ile ambayo kila seva iliyoibeba inaiandika kichwani mwake. Badilisha majina na anwani, acha mpangilio. Halafu nijibu maswali mawili. Moja, wiki tatu zilizopita ulibadilisha nini kwenye mtandao wa seva? Mbili, kati ya taka halisi zinazopenya hadi kwenye sanduku la barua zinazoingia, zipo zilizoguswa na kanuni ya ALL_TRUSTED, ile inayosema wote waliobeba barua wanaaminika?

#4 Najitegemea

Naomba niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Orodha hizi zinauhukumu mtaa mzima kwa kosa la mwizi mmoja. Nina seva yangu nyumbani, nimeipanga kwa mikono yangu, haijawahi kutuma taka hata moja. Nikigonga mlango wa seva ya mtu najibiwa 550, yaani nimekataliwa, sijamaliza hata salamu. Barua pepe ilijengwa ili seva yoyote iongee na seva yoyote. Tukikubali kwamba anwani fulani zimezaliwa na hatia, basi tumekubali kwamba mtu wa kawaida hana haki ya kubeba barua yake mwenyewe. Mkuu, ziondoe hizo orodha kabisa.

#5 Mzee_wa_Foleni

Najitegemea, uchungu wako naujua. Ila mimi nilikuwa upande wa pili wa waya orodha za namna hii zilipoanza, na sikuona dharau ndani yake. Nilichokiona ni watu waliochoka.

Jon Postel alipoandika kanuni za SMTP, lugha ya seva kupelekeana barua, mwaka 1982 kwenye hati iitwayo RFC 821, seva zilikuwa majirani wachache wanaojuana. Seva yoyote ilikubali kubeba barua ya yeyote kwenda kokote. Hilo halikuwa uzembe, ulikuwa ujirani: njia zilikatika kila mara, leo nakubebea, kesho unanibebea.

Akaja mtu wa taka na modemu yake. Mfikirie vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipoanzia. Modemu yake inasukuma kilobiti 33.6 kwa sekunde, au chini ya hapo. Hawezi kutuma barua laki moja usiku mmoja kwa nguvu zake. Basi anafungua akaunti kwa mtoa huduma, anapiga simu jioni, anatafuta seva iliyo wazi upande mwingine wa dunia, anaikabidhi barua MOJA yenye wapokeaji mia kadhaa. Yeye ametuma nakala moja, seva ya watu inazaa mamia. Inajaa, inakwama, na lawama zote zinaiangukia yenyewe. Asubuhi akaunti yake imefungwa. Jioni amefungua nyingine. Nimewahi kukesha na seva ya namna hiyo, kila ninapofuta foleni inajaa tena, na nyuma ya zile taka zimekwama barua za watu wenye shida zao za kweli.

Milango ikaanza kufungwa. Programu ya seva ya Sendmail, toleo 8.9 la mwaka 1998, ndiyo iliyoacha kubebea wageni bila kuamriwa na mwenye seva. Mtu wa taka akahamia njia ya pili: anairuka seva ya mtoa huduma wake, ambako angehesabiwa na kuonekana, anagonga mwenyewe mlango wa kila mpokeaji. Hapo ndipo zilipozaliwa orodha za anwani za modemu. Iliyojulikana sana ni DUL, iliyokuwa chini ya MAPS, shirika la kupambana na taka la akina Paul Vixie na Dave Rand.

Hoja ya orodha ile haikuwa kwamba mwenye modemu ni mwizi. Ilikuwa hivi: mwenye modemu mwema ana kila sababu ya kumkabidhi barua mtoa huduma wake. Laini yake ni ya polepole na inakatika. Seva ya mpokeaji ikiwa imelala, nani atarudi kugonga tena saa mbili baadaye na simu ameshaikata? Seva ya mtoa huduma ina foleni na haichoki. Postfix kwa kawaida inajaribu siku 5 kabla ya kurudisha barua kwa mwenyewe. Aliyekuwa anang'ang'ania kwenda moja kwa moja, mara nyingi alikuwa anakimbia kuhesabiwa.

Kisha ikaja 2003. Virusi kama Sobig.F, Agosti ya mwaka ule, vilikuja na injini yao ya kutuma barua ndani yao. Sasa anayetuma taka ni kompyuta ya mwalimu au ya mwanafunzi, naye hana habari. Ndiyo sababu watoa huduma wengi wakawafungia wateja wao njia ya kutokea ya poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua.

Na hiyo anwani yenyewe, ndugu yangu, si yako. Ni kitanda cha nyumba ya wageni. Ukikata simu anaingia mwingine, na wewe ukipiga tena unapewa kitanda alichotoka mtu usiyemjua. Seva ya upande wa pili inaona namba ya chumba tu. Haina namna ya kujua usiku huu kalala nani.

#6 Kijana_Mpya

Shikamoo mzee. Nimeelewa ndani ya dakika tano kitu ambacho nimekihangaikia mwezi mzima.

#7 Mtunza_Posta

Ahsante mzee, ahsanteni wote.

FundiSeva, maswali yako yamenishtua. Ndiyo, wiki tatu zilizopita tulihamisha seva. Zamani ilikuwa na anwani ya umma moja kwa moja, sasa iko nyuma ya router, yenyewe ina 192.168.7.5. Na ndiyo, nimezikuta taka tano zenye ALL_TRUSTED. Nilidhani ni bahati mbaya.

Hii hapa mistari, ya juu ndiyo ya mwisho kuandikwa:

Received: from relay.mtoahuduma.example (198.51.100.20) by posta.chama.example (192.168.7.5)
Received: from ppp45.mtoahuduma.example (203.0.113.45) by relay.mtoahuduma.example

Yaani mwanachama alifanya sawasawa kama alivyosema mzee. Alipiga simu, akaikabidhi barua kwa mtoa huduma wake, mtoa huduma akaniletea mimi. Sasa mbona anaadhibiwa?

#8 FundiSeva

Kwa sababu kichujio chako kimepoteza mlango wa nyumba yako.

Soma mistari yako kutoka juu kushuka. Aliyegonga mlango wako ni 198.51.100.20, seva ya mtoa huduma, na hiyo haimo kwenye PBL. Anwani ya modemu, 203.0.113.45, imo, lakini haikugonga kwako. Iligonga kwa mtoa huduma wake, mahali inapostahili kugonga. PBL inauliza swali moja tu: je, anwani hii imenijia MIMI moja kwa moja? Ukiiuliza kwa kila mstari wa Received hadi barua ilipozaliwa, utamwadhibu kila mtu mwema duniani anayetuma kutoka nyumbani, maana barua yake ilianzia kwenye anwani ya nyumbani. Ingeanzia wapi?

Waandishi wa SpamAssassin wanalijua hilo. Kanuni ya PBL imeandikwa iangalie anwani ya mwisho ya nje tu, yaani ile iliyokabidhi barua kwenye mlango wa mtandao wako. Ila ili ijue "nje" ni wapi, ni lazima ijue "ndani" ni wapi. Usipoitajia, inakisia. Na moja ya makisio yake ni hili: seva iliyopokea barua ikiwa na anwani ya faragha, kama 192.168 au 10, inadhani bado tuko ndani ya nyumba, na aliyeleta barua inamhesabu kuwa mtu wa nyumbani.

Zamani ulikuwa na anwani ya umma, kisio likakaa sawa. Ulipoingia nyuma ya router, kichujio kikaona 192.168.7.5 kikasema, "hapa ni ndani, basi huyu 198.51.100.20 aliyeleta naye ni wetu." Mlango ukasogea hatua moja nje. Anayeonekana kugonga sasa ni modemu, na PBL inamkamata.

Kosa hilo hilo ndilo linalopitisha taka zako tano. Mtu wa taka akikugongea moja kwa moja, mstari ni mmoja tu, na kichujio kinamhesabu yeye kuwa mtu wa nyumbani. Hapo wote waliobeba barua wanaonekana wanaaminika, kwa hiyo ALL_TRUSTED, na hiyo inapunguza alama. Mwema anaadhibiwa na mwovu anapewa kiti, kwa kosa moja.

Dawa yake ni mistari miwili kwenye local.cf, faili la mipangilio la SpamAssassin. Weka anwani ya ndani na ile ya umma ya router yako, nachukulia ni 192.0.2.10:

trusted_networks 192.168.7.5 192.0.2.10
internal_networks 192.168.7.5 192.0.2.10

Ukishaitajia mitandao yako, inaacha kukisia.

Na tofauti ya maneno hayo mawili uishike, nimeona mafundi wazoefu wakiichanganya. Trusted ni seva ambayo unaamini haiandiki uongo kwenye mistari yake ya Received. Internal ni seva inayopokea barua kwa niaba yako, mlango wako mwenyewe. Ukipenda unaweza kuiweka seva ya mtoa huduma wa wanachama wako kwenye trusted. Kwenye internal usiiweke hata siku moja, maana utakuwa umeusogeza mlango tena kwa mkono wako, na wale ishirini watarudi kwenye taka.

#9 Tausi_wa_Mbali

Habari zenu. Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia. Si mwanachama wa chama hicho, lakini natumia modemu hadi leo, na nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu kuna jambo halijasemwa.

Mnazungumzia folda ya taka kana kwamba kila mtu anaweza kwenda kuichungulia. Mimi nachukua barua kwa POP3. POP3 inaona sanduku la barua zinazoingia, basi. Folda nyingine zote kwangu hazipo. Barua ya mtu ikiangushwa kwenye taka kule kwenye seva, kwangu mimi imechomwa moto. Wa intaneti ya kasi anafungua kivinjari, anatazama, anairudisha. Mimi hata sijui kwamba iliwahi kuandikwa.

Wakati huo huo, nisingependa mniondolee kichujio. Hesabu ni hii: laini yangu ikiwa nzuri inashusha kama kilobaiti 5 kwa sekunde. Taka mia mbili za kilobaiti 8 kila moja ni zaidi ya dakika tano za simu, kabla sijaona barua moja ya maana. Kuzichuja baada ya kuzishusha hakunisaidii kitu, muda umeshalipwa. Kwangu kichujio cha maana ni kile kilichoko kwenye seva, upande wa juu wa waya.

Kutuma nako kuna hesabu yake. Naandika nikiwa nimekata simu, barua zinakaa kwenye foleni ya kompyuta yangu, napiga, zinaondoka zote, nakata. Kupanda ni polepole kuliko kushuka. Kwenye modemu ya V.90 kushuka kunatajwa kuwa 56, ila kupanda mwisho ni 33.6. Kiambatisho cha megabaiti moja kikifungwa kwa ajili ya barua pepe kinavimba zaidi ya theluthi, na safari yake inazidi dakika tano. Barua ile ikikataliwa au ikiangushwa taka, naanza upya. Yule mama aliyetuma kumbukumbu mara nne, mimi najua alichokifanya. Alikaa kando ya simu, nyumba nzima imenyamaza, hakuna anayeruhusiwa kunyanyua mkono wa simu, mara nne.

#10 Mtunza_Posta

Dada Tausi, ahsante kwa kuliweka hivyo. Nimeangalia sasa hivi: kati ya wale ishirini, kumi na saba wanatumia POP3. Sikuwahi kulifikiria.

#11 Najitegemea

Nimesoma maelezo ya mzee na ya fundi. Nakubali kwamba PBL ikiulizwa mlangoni tu haimgusi anayepitia kwa mtoa huduma. Ila suala langu bado liko pale pale: mimi sitaki kupitia kwa mtoa huduma. Seva yake ilishawahi kukaa na barua yangu siku mbili bila maelezo. Kwangu naona kwenye logi, daftari la matukio ya seva, kwamba seva ya mpokeaji imejibu 250, yaani imepokea, nalala nikijua imefika.

#12 FundiSeva

Hiyo hoja ya logi ni ya kweli na sitaibeza. Ila kwa anwani inayobadilika, hata PBL ikifutwa leo utakwama mahali pengine.

Chukua mbinu aliyoileta Evan Harris mwaka 2003, ya kumwambia mgeni "rudi baadaye". Seva inakupa 451 mara ya kwanza na kukumbuka vitu vitatu: anwani yako, mtumaji na mpokeaji. Ukirudi baada ya dakika kadhaa na vitatu vile vile, unapita. Mwenye modemu anayetuma moja kwa moja anakata simu, anapiga tena jioni, anapewa anwani nyingine. Kwa seva ni mgeni mpya. Anaambiwa rudi baadaye. Anaweza kuzunguka hivyo wiki nzima wala hakuna aliyemchukia.

Kisha kuna jina la nyuma la anwani. Anwani yako ikiulizwa jina, inajibu kitu chenye ppp au dyn na namba ndani yake, na huwezi kulibadilisha kwa sababu si lako. Kuna kanuni chungu nzima za kuyatambua majina hayo.

Unachoweza kufanya bila kupoteza uhuru wako: kodi seva ndogo yenye anwani ya kudumu, iwe yako, logi zako, foleni yako. Seva ya nyumbani iikabidhi hiyo barua kwa poti 587 na neno la siri. Poti hiyo iliwekwa rasmi kwa ajili ya kukabidhi barua tangu Desemba 1998, RFC 2476, na uthibitisho wa mtumaji ukafuata Machi 1999, RFC 2554. Kwenye Postfix ya nyumbani ni mstari wa relayhost, unaotaja seva ya kukabidhiwa barua, halafu unaongeza jina na neno la siri.

#13 Najitegemea

Hilo la seva ya kukodi naweza kuliishi. Lakini naomba na nyinyi wenye seva mkubali moja kutoka kwangu: mnapokataa, kataeni mlangoni, kwa sauti. 550 inaniuma, ila najua. Seva inayojibu 250 kisha inaitupa barua kimya kimya imenidanganya. Alichopata yule mama ni hicho: aliambiwa imepokelewa.

#14 Mzee_wa_Foleni

Hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Na wasifanye lile kosa jingine, kupokea kwanza kisha kumrudishia "mtumaji" taarifa ya kukataa. Kwa taka, jina la mtumaji ni la kuibiwa, kwa hiyo taarifa inamwangukia mtu asiyehusika. Wakati wa Sobig watu walipokea mamia ya taarifa za barua ambazo hawakuziandika. Kataa wakati aliyeleta bado amesimama mlangoni, au pokea na ufikishe.

#15 Mtunza_Posta

Nimerudi na matokeo.

Nimeweka mistari miwili ya FundiSeva, nikachukua barua ya mama iliyokuwa na alama 6.4, nikaipitisha tena kwa spamassassin -D -t. Kwenye maelezo marefu yale nimeona wazi: kabla, 198.51.100.20 ilikuwa inahesabiwa ya ndani. Sasa ni ya nje, na modemu haiulizwi tena. RCVD_IN_PBL imeondoka. Zile taka tano nazo zimepoteza ALL_TRUSTED.

Lakini barua ya mama haikushuka hadi sifuri. Imebaki na 3.5, na karibu yote inatoka kwa BAYES_99. Yaani kichujio kina uhakika wa asilimia 99 kwamba mama yetu anaandika taka. Kwa nini?

#16 FundiSeva

Ngoja nikuulize: kila usiku unakifundisha kichujio kwa folda ya taka?

#17 Mtunza_Posta

Ndiyo, sa-learn --spam, saa 8 usiku, folda nzima.

…Ee Mungu. Wiki tatu.

#18 FundiSeva

Ndiyo hivyo. Sehemu ile inakumbuka maneno, ya ndani ya barua na ya vichwani mwake, na inahesabu kila neno limeonekana mara ngapi kwenye taka na mara ngapi kwenye barua njema. Ni hesabu ya Thomas Bayes wa karne ya 18, na tangu 2002 ilipopata umaarufu kwa kazi hii imekuwa nguzo ya vichujio vingi. Haijui mema na mabaya, inajua ulichoifundisha. Kwa wiki tatu umeifundisha kwamba jina la mama, jina la seva ya mtoa huduma wake, hata maneno "kumbukumbu za kikao", ni dalili za taka. Kosa la kwanza likazaa la pili, na la pili lingebaki hata baada ya kutibu la kwanza.

Zitafute zote zilizoshikwa kimakosa, uzitenge kwenye folda yake, upitishe sa-learn --ham (ham ni barua njema). Barua iliyofundishwa upande usio wake, programu inaifuta kwanza huko ndipo inaifundisha upya. Huna haja ya kuanza kumbukumbu upya. Na kuanzia leo usimfundishe kichujio kwa hukumu zake mwenyewe. Mpe zile tu ambazo jicho la mtu limezipitia.

Jambo la mwisho kwa wale ishirini. Wakituma kwa jina la domeni ya chama kupitia seva ya mtoa huduma wao, seva hiyo haimo kwenye SPF yenu, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, na barua haina DKIM, saini ya domeni yenu. Kwako utawapokea, lakini wakiandika nje ya chama watapata shida. Wafungulie poti 587 kwenye seva yako, kila mmoja na neno lake la siri. Postfix itaandika ESMTPSA kwenye mstari wa Received, kichujio kitaelewa kwamba huyu amejitambulisha, na anwani ya modemu haitakuwa na uzito tena. Watoa huduma wanaofunga poti 25 kwa kawaida hawaigusi 587.

#19 Mtunza_Posta

Nimemaliza. Barua njema zilizokuwa kwenye taka ni 63. Nimezisoma vichwa kwa macho moja moja, nimezifundisha upya, nimezirudisha kwenye masanduku ya wenyewe zikiwa hazijasomwa ili POP3 izichukue. Barua ya mama sasa ina alama 0.3. Poti 587 iko wazi, wanne wameshahama, waliobaki nitawapigia simu mmoja mmoja, maana maelekezo kwa barua pepe kwa mtu ambaye barua pepe yake imemsumbua si sawa.

Kwa katibu nimeandika barua kueleza kosa lilikuwa la nani. Ameisoma kwenye kikao, mama akiwepo.

Dada Tausi, kuhusu wanaotumia POP3: nataka kila siku mtu apate barua moja fupi yenye orodha ya zilizoshikwa, jina la mtumaji na kichwa cha habari tu, bila picha. Akiona yake, anajibu kwa namba ya mstari na seva inamrudishia. Hilo litakulemea?

#20 Tausi_wa_Mbali

Mistari mia ya namna hiyo haifiki kilobaiti 10, ni sekunde mbili. Hailemei. Ila itume kabla watu hawajapiga simu ya jioni. Ikija usiku tutaiona kesho yake, na barua iliyoshikwa itakuwa imepoteza siku nzima.

#21 Mtunza_Posta

Nimeipanga saa 11 jioni.